Kenya: Nani atagharimia utafiti wa Delta ya Mto Tana?

Delta ya Mto Tana, kwenye pwani ya kaskazini ya Kenya, imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu Septemba 2012. Eneo hilo lina hekta zipatazo 163,600 za misitu ya kandokando ya mto, nyanda za malisho na mikoko, hadi mto unapoingia baharini karibu na Kipini. Hadhi hiyo, hata hivyo, haikuja na fungu la fedha. Zaidi ya muongo mmoja baadaye, swali la msingi lingali pale pale: ni nani anayepaswa kulipia kazi ya kupima, mwaka baada ya mwaka, hali ya maji pale mto unapokutana na bahari?

Swali hilo si la wanasayansi peke yao. Juu ya delta, serikali ilijenga mabwawa kadhaa ya umeme, yakiwamo Kindaruma, lililokamilika mwaka 1968, na Masinga, la mwaka 1981. Mabwawa hayo huipa Kenya sehemu kubwa ya umeme wake wa maji. Wakati huo huo hupunguza mafuriko na kunasa tope, vitu viwili vinavyoihuisha delta. Wapokomo hupanda mpunga mafuriko yanapopwa, Waorma hushuka na ng'ombe wakati wa kiangazi, na kamba wa Ghuba ya Ungwana hukulia katika maji ya mchanganyiko. Mto unapopungua nguvu, bahari husogea. Wakulima wa Ozi, karibu na Kipini, wameyaona maji ya chumvi yakiingia katika mashamba yao ya mpunga.

Gharama ya kutojua inafahamika. Katika miezi ile ile delta ilipopata hadhi ya Ramsar, mapigano kati ya Wapokomo na Waorma, yaliyochochewa kwa sehemu na ugomvi wa ardhi na maji, yaliua zaidi ya watu 100. Mipango ya mashamba makubwa ya miwa ilikuwa tayari imeongeza hofu ya wenyeji. Mwezi Februari 2013, Mahakama Kuu iliagiza kuandaliwa kwa mpango wa matumizi ya ardhi ukiwashirikisha wakazi. Mpango ulipatikana, lakini mpango wa ardhi hauwezi kueleza ni maji kiasi gani delta inahitaji ili isife. Kazi hiyo hutaka vipimo vya muda mrefu.

Kenya haikosi wataalamu. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ni chombo cha umma chenye makao yake Mombasa. Katika delta, hata hivyo, shughuli nyingi za uhifadhi zimetegemea wafadhili, ukiwamo Mfuko wa Mazingira wa Dunia, kwa kushirikiana na shirika la Nature Kenya. Fedha za mradi zina tarehe ya mwisho, ilhali mto hauna. Mradi unapofungwa, mfululizo wa takwimu hukatika, na mtafiti anayefuata hulazimika kuanza upya.

Marekani ilichagua njia nyingine. Sheria ya usimamizi wa pwani ya mwaka 1972 iliiruhusu serikali kuu kuzisaidia serikali za majimbo kuanzisha hifadhi za utafiti katika milango ya mito. Serikali kuu huweza kuchangia hadi nusu ya gharama ya kununua ardhi na hadi asilimia 70 ya gharama za uendeshaji. Jimbo hubeba sehemu iliyobaki na kuisimamia hifadhi. Ya kwanza, South Slough katika jimbo la Oregon, ilitangazwa mwaka 1974. Mfumo huo umefikia hifadhi 30, na tangu mwaka 1995 vituo vyake hupima ubora wa maji kwa utaratibu mmoja, kila baada ya dakika 15. Hata huko usalama si kamili: mwaka 2017 Ikulu ya Marekani ilipendekeza kufuta fedha hizo, na ni Bunge lililokataa.

Wapo watakaosema kwamba Kenya si Marekani, na kwamba kaunti za Tana River na Lamu zina zahanati na barabara za kugharimia kwanza. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Gazi, kusini mwa Mombasa, inaonyesha upande wa pili. Utafiti wa mikoko uliofanywa huko kwa miaka mingi ndio uliowezesha mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa ya kaboni tangu mwaka 2013 na kuchangia maji na elimu vijijini. Bila takwimu za awali, kusingekuwa na cha kuuza.

Kwa majirani, suala hili halina umbali. Tanzania ina delta ya Rufiji, iliyoingia katika orodha ya Ramsar mwaka 2004 pamoja na Mafia na Kilwa. Juu yake sasa limesimama Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024.

Nchini Kenya, mpango wa siku nyingi wa bwawa la High Grand Falls ungali mezani. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inatambua kwamba kiasi fulani cha maji lazima kibakizwe kwa ajili ya watu na viumbe wa majini. Kiasi hicho hakiwezi kutetewa mbele ya wajenzi wa bwawa wala mbele ya mahakama ikiwa hakuna aliyekuwa akikipima. Na vipimo vya kabla ya bwawa haviwezi kuchukuliwa baada ya bwawa kujengwa.