Wamngojao Masihi Ufuoni mwa Ziwa

Makanisa ya Kisumu yamekwisha ingia katika Majilio, na kwa muda wa majuma manne waumini wa Mtakatifu Theresa kule Kibuye, pamoja na ndugu zao Waanglikana wa Mtakatifu Stefano, watasomewa habari za Masihi ajaye mara mbili: kwanza akiwa mtoto mchanga wa Bethlehemu, kisha akiwa hakimu wa walio hai na waliokufa. Mawaidha hayo ni yale yale ya kila mwaka, na aghalabu husikizwa kwa mazoea tu, kwa kuwa Desemba ina shughuli zake. Lakini tangu yalipofichuka yale ya Shakahola mwaka wa 2023, walikofukuliwa mamia ya watu wanaosemekana kufunga kula mpaka kufa ili wakamlaki Yesu, habari za marejeo ya Yesu zimeingia vinywani mwa watu ambao zamani hawakuzijali, wakiwemo mawakili, wabunge na maofisa wa usalama, nao huzitaja kama mtu atajavyo maradhi ya kuambukiza. Nimemsikia msomi mmoja akisema, tena mbele ya halaiki, kwamba afadhali mafundisho hayo yapigwe marufuku, maana mtu aliyeaminishwa kwamba dunia inakwisha hana tena analolihofu wala analolitunza. Mimi si wa rai hiyo, na hoja zangu sizitoi mbali, kwani ufuo huu wa ziwa umekuwa ukimngoja Masihi kwa zaidi ya miaka mia moja, na athari za kungoja huko zimo machoni petu kwa kila atakaye kuzitazama.

Mwezi wa Novemba 1906, reli ikiwa imefika Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, miaka mitano tu kabla yake, Arthur Carscallen, mzaliwa wa Kanada, na Peter Nyambo, kijana Mwafrika aliyetoka Nyasaland, waliivuka ghuba ambayo siku hizo iliitwa ya Kavirondo, wakafanya maskani juu ya kilima cha Gendia, karibu na Kendu. Watu hawa walikuwa Wasabato, na Wasabato ni kanisa ambalo asili yake ni miadi iliyokosa. Mkulima mmoja wa Marekani, William Miller, alikuwa amepiga hesabu katika kitabu cha nabii Danieli, na wafuasi wake wakaishia kusadiki kwamba Kristo angeshuka tarehe 22 Oktoba 1844. Baadhi yao wakaacha mazao shambani bila ya kuyavuna, wakakesha usiku kucha wakitazama juu, na kulipopambazuka wakalia kama watu waliofiwa, kisha wakarudi kwa majirani ambao hawakuwahurumia hata kidogo. Waliobaki na imani baada ya fedheha ile ndio walioliunda kanisa rasmi mwaka wa 1863, nao wakashika mambo mawili kwa pamoja: kwamba Bwana yu karibu, na kwamba asitokee tena mtu wa kuwapangia tarehe.

Sasa mtu mwenye mantiki ya yule msomi wetu angetarajia kwamba wajumbe wa kanisa la namna hiyo, wakishafika Gendia, wangewakusanya watu mlimani, wakawaimbisha, na kuyaacha majembe yaote kutu. Waliyoyafanya ni kinyume chake. Carscallen alikaa chini akajifunza Kijaluo mpaka akaandika sarufi yake. Mwaka wa 1913 pakasimamishwa mtambo wa kupigia chapa, ambao ndio chimbuko la Africa Herald ya leo. Mwaka wa 1925 ikafunguliwa hospitali ya Kendu, ambayo mpaka hivi sasa huwapokea wagonjwa kutoka pande zote za Karachuonyo, Wasabato na wasio Wasabato. Na kule Kamagambo pakawa na shule iliyotoa walimu kizazi baada ya kizazi. Sisemi kwamba walikuwa malaika. Mila nyingi za wenyeji walizihukumu kabla ya kuzielewa, na ukali wao juu ya ngoma, pombe na ndoa za mitala uliwatenga watoto na wazazi wao kwa namna ambayo haikuwa na lazima. Ila hilo ni shauri jingine. Muradi wangu ni kwamba watu waliosadiki kuwa ulimwengu hauna maisha marefu walijenga kwa mawe.

Wala hapa hapana kitendawili kwa mtu aliyesoma Agano Jipya kwa utulivu. Mitume wenyewe walikabiliwa na tatizo hili tangu mwanzo, kwani kule Thesalonike walitokea waumini ambao, kwa kusikia kwamba siku ya Bwana imewadia, waliacha kazi zao wakawa wanazurura nyumba kwa nyumba wakila jasho la wenzao, na Paulo akawaandikia bila ya kuwabembeleza kwamba asiyetaka kufanya kazi asipewe chakula. Na katika Injili ya Luka upo mfano wa kabaila aliyesafiri mbali kwenda kupokea ufalme, akawaachia watumwa wake kumi mtaji wa fedha, akawaamuru waufanyie biashara mpaka atakaporudi. Aliyeifunga fedha yake katika leso akaiweka, kwa hofu ya bwana wake, ndiye pekee aliyepata karipio. Nashangaa kwamba katika mji wa biashara kama Kisumu mfano huu hauhubiriwi mara nyingi zaidi. Ama kuhusu tarehe, Yesu mwenyewe aliwakatia wanafunzi wake tamaa kabisa: siku ile na saa ile haijulikani na mtu, wala na malaika, bali na Baba peke yake, na kwa hiyo kila mhubiri aitajaye siku amekwisha jitoa mwenyewe katika mafundisho ya Kikristo, hata kama Biblia imo mkononi mwake.

Wako pia majirani zetu ambao kwao Masihi si wa kungojwa tu bali amekwisha kurejea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Simeo Ondeto pamoja na Gaudencia Aoko walianzisha katika Nyanza ya Kusini harakati iliyojitenga na Kanisa Katoliki, ikaandikishwa mwaka wa 1966 kwa jina la Legio Maria, ikaenea hadi nchi za jirani. Na wafuasi wake wengi husadiki kwamba katika Ondeto, aliyefariki mwaka wa 1991, Kristo alijidhihirisha tena, safari hii akiwa na ngozi nyeusi na akisema lugha yao. Makasisi waliokasirishwa na jambo hilo walikuwa na sababu zao za kitheolojia, nami siwezi kuzipinga. Lakini sikosi kuwaelewa waumini ambao, baada ya kuoneshwa kwa miaka sitini picha za Bwana mwenye nywele za dhahabu, walitaka kujua kama naye angeweza kuzaliwa katika boma la Mjaluo.

Mama mmoja wa Legio, muuza omena katika soko la Kibuye, niliwahi kumkuta akijitayarisha kwenda hija katika mlima mtakatifu wa Got Kwer, kule Migori. Joho lake jeupe lilikuwa limekunjwa vizuri ndani ya mfuko, rozari i shingoni, na kabla ya kuondoka alikuwa akimkabidhi jirani yake meza, magunia mawili na lile kopo la gorogoro, pamoja na daftari la madeni ambalo alilifungua akawa analisoma kwa kidole, jina baada ya jina. "Huyu wa hoteli, dada, asikwambie amelipa. Hajalipa," alisema, akapindua ukurasa. Kisha akanigeukia: "Na wewe, mwalimu, kama ni ya kununua nunua kwa huyu, mimi nimeshafunga." Nilinunua gorogoro moja, ambayo sikuwa nimeikusudia. Huyo ni mtu ambaye mkuu wa usalama akiisoma itikadi yake katika karatasi angetia alama nyekundu.

Kendu kwenyewe, kwa taarifa ya wasioujua mji ule, si mji wa Wasabato peke yao. Waislamu walifika huko na biashara zao zamani sana, na msikiti wao ni miongoni mwa ile mikongwe ya ufuo huu. Nao pia, kwa mujibu wa Hadithi za Mtume, humtarajia Nabii Isa bin Mariamu kushuka kabla ya Kiyama na kusimamisha uadilifu. Hivyo katika mji mdogo wa samaki wapo watu wa dini mbili wanaomtazamia mtu mmoja kwa maelezo tofauti, wakinunuliana na kuuziana siku zote, isipokuwa Jumamosi, ambapo Msabato hauzi, na saa ya Ijumaa, ambapo Mwislamu hayupo dukani.

Hata hivyo sikatai kwamba kungoja kwaweza kuharibika, na ushahidi wa hilo nao tunao nyumbani. Mwaka wa 1913 Onyango Dunde wa Alego alitangaza kwamba amemezwa na joka la ziwa, Mumbo, kisha akatapikwa na kupewa ujumbe: watu wachinje mifugo yao, waache kulima, kwani vyakula vitajitokeza vyenyewe na Wazungu wataondoka. Hilo halikuwa fundisho la Kikristo, bali lilikuwa uasi dhidi yake na dhidi ya kodi. Lakini utaratibu wake ni ule ule tulioujua baadaye kwa majina mengine. Serikali ya kikoloni iliwapeleka baadhi ya viongozi wa Mumbo uhamishoni Lamu, kana kwamba itikadi ni mzigo upakiwao katika jahazi, na Mumbo ikaendelea kwa miaka mingi, hasa katika nchi ya Kisii.

Kule Kanungu, Uganda, viongozi wa lile kundi la Amri Kumi waliwaambia watu kwamba mwisho wa dunia ungekuwa pamoja na mwisho wa mwaka 1999, wafuasi wakauza mali zao kwa bei ya kutupa, na tarehe ilipokosa, tarehe 17 Machi 2000 mamia wakateketea ndani ya kanisa. Kule Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 imefukuliwa, na mhubiri Paul Mackenzie anashitakiwa kwa kuwahimiza watu wafunge kula mpaka wafe ili wakamlaki Yesu, mashitaka ambayo ameyakana. Na msidhani kwamba hayo ni ya pwani tu: Aprili 2025 polisi waliingia katika ua wa kanisa moja huko Opapo, karibu na Rongo, wakawatoa watu 57 waliokuwa wakiishi humo, na maiti mbili zikafukuliwa ndani ya ua ule.

Kutokana na misiba hiyo imezuka shauku ya sheria mpya. Lakini tumekwisha ipitia njia hii, kwani mwaka wa 2016 aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, Githu Muigai, alileta kanuni ambazo, pamoja na mengine, ziliwataka wahubiri wawe na vyeti vya theolojia, makanisa makubwa na madogo yakapiga kelele kwa pamoja, nazo zikaondolewa. Na baada ya Shakahola, kamati iliyoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi ikapewa kazi ya kulitazama jambo upya. Mimi nauliza, cheti kingezuia nini? Johana Owalo, mwasisi wa kanisa la Nomiya, hakuwa na shahada, wala Ondeto, na makanisa yao yamelea watu wanaolipa karo na kuzika wafu wao kwa heshima. Tena Katiba ya 2010, katika kifungu cha 32, imempa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, na serikali ikianza kupima ni nani asemaye sawasawa juu ya siku za mwisho, itajikuta imeketi katika kiti cha maaskofu bila ya kuwa na elimu yao.

Alama za hatari hazikuwa katika mahubiri. Mackenzie alikamatwa mwaka wa 2017 kwa habari ya watoto waliokuwa wakinyimwa shule. Machi 2023 alikamatwa tena kwa habari ya watoto wawili waliokufa, akaachiliwa kwa dhamana, na mwezi uliofuata ndipo makaburi yalipoanza kufukuliwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 na Sheria ya Watoto ya 2022 zimekwisha mlazimu kila mzazi kumpeleka mwanawe shuleni na hospitalini, awe anamngoja Masihi au hamngojei mtu. Mwalimu mkuu huona katika rejista majina yanapokatika katikati ya muhula. Mhudumu wa afya ya jamii hujua ni lango gani limefungwa mbele yake mara tatu. Hawa wawili wakimpelekea habari chifu msaidizi, naye akaenda siku hiyo hiyo badala ya kungoja barua ya kutoka juu, hatutahitaji kuulizana juu ya Danieli wala Ufunuo.

Kuna na mlango mwingine, nao ni ardhi. Shamba haliuzwi kwa halali nchini humu bila ya idhini ya bodi ya ardhi ya mahali, na mwenzi wa mwuzaji hutakiwa naye atamke kwamba ameridhika. Ikiwa katika robo moja ya mwaka waumini watano wa ua mmoja wamefika mbele ya bodi, kila mmoja akiuza shamba lote na nyumba, kwa bei ya haraka, bila ya kusema anahamia wapi, wazee wa bodi wana haki na wajibu wa kuuliza, na wa kukataa kugonga muhuri mpaka wajibiwe. Ningependa swali hilo lianze kuulizwa katika vikao vya Januari, mwezi ambao karo za shule humfanya takriban kila mtu auze kitu, na mwuzaji wa namna ile hupita katikati ya wengine bila ya kutambuliwa.