Nyumba Zetu na za Majirani: Kabla ya Kulinganisha, Tuulize Kipimo

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kila matokeo ya sensa au ya utafiti wa kaya yanapotangazwa, swali linalosikika mapema ni moja: tumewapita majirani, au wametupita? Kwa upande wa makazi swali hilo si la ushabiki tu, kwani mipango ya maji, majitaka na upimaji wa viwanja huanzia kwenye takwimu hizo.

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Kwa mara ya kwanza iliambatana na Sensa ya Majengo, iliyobaini majengo 14,348,372 nchini, yakiwemo 440,421 ya Zanzibar. Kenya ilifanya sensa yake mwaka 2019, na Uganda mwaka 2024. Anayeziweka nchi hizi tatu katika jedwali moja analinganisha hali zilizopishana kwa miaka mitano, muda unaotosha kijiji kutoka kwenye nyasi hadi kwenye bati.

Hata hivyo, tofauti ya miaka ni jambo dogo ikilinganishwa na tofauti ya vipimo. Tuchukulie familia ya baba, mama, mabinti wawili wenye umri chini ya miaka 12, na bibi yao, wanaoishi katika nyumba ya vyumba viwili. Kwa kipimo cha UN-Habitat, nyumba huhesabiwa kuwa na msongamano pale watu wanapozidi watatu kwa chumba. Familia hii ina wastani wa watu wawili na nusu kwa chumba, haina msongamano. Ikihamia Ulaya, mambo yanabadilika. Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, huitaka iwe na chumba kimoja cha kaya nzima, kimoja cha wazazi, kimoja cha watoto hao wawili na kimoja cha bibi. Jumla ni vinne. Watu ni walewale, vyumba ni vilevile, lakini sasa wamesongamana.

Umiliki nao hupotosha. Nchini Romania zaidi ya asilimia 90 ya wananchi wanaishi katika nyumba zao wenyewe, ilhali Ujerumani ni takribani nusu tu. Lakini Romania hiyohiyo ni miongoni mwa nchi za Umoja wa Ulaya zenye msongamano mkubwa zaidi majumbani.

Kipimo kinachotugusa zaidi ni cha choo. Nyumba ya Kiswahili, yenye korido katikati, vyumba vya wapangaji pande zote mbili na choo uani, imewahifadhi wakazi wa miji yetu kwa vizazi kadhaa. Ufuatiliaji wa pamoja wa WHO na UNICEF hauihesabu kaya inayochangia choo na kaya nyingine kuwa imefikia huduma ya msingi, hata choo hicho kikiwa cha kisasa na safi. UN-Habitat, kwa upande wake, hukubali choo cha pamoja ikiwa idadi ya watumiaji ni ya wastani. Mashirika hayo yote ni ya Umoja wa Mataifa. Mpangaji huyohuyo hufaulu huku, akakwama kule.

Sababu ya masharti hayo inaeleweka: choo cha wengi mara nyingi hakina wa kukisafisha, na mwanamke anayetoka uani usiku hayuko salama. Lakini kuziweka daraja moja kaya mbili za ndugu na kaya kumi zisizojuana ni kuificha tofauti ambayo halmashauri inapaswa kuiona kabla ya kuamua fedha ziende kwenye vyoo vipya au kwenye mfumo wa majitaka.

Madodoso ya tafiti za afya ya jamii huuliza kama choo kinachangiwa, kisha huuliza ni kaya ngapi zinazokitumia. Hilo la pili ndilo linaloweza kuitofautisha nyumba moja na nyingine, nalo mara nyingi hujibiwa kwa kukisia mlangoni. Karani akifika, ni vyema mwenye kaya azihesabu kaya hizo kwanza, ndipo ajibu.