Nyutroni na Dawa Inayotetemesha

Wauguzi wa wodi zetu wanaifahamu vyema amfoterisini B. Humwokoa mgonjwa wa VVU aliyepatwa na homa ya uti wa mgongo itokanayo na kuvu, lakini humtetemesha, humpunguzia potasiamu na huweza kumwumiza figo. Mgonjwa mmoja aliwahi kuniuliza, "Daktari, dawa hii inamjuaje adui?" Nilimjibu kwa ufupi, na ufupi ule ukanitia haya.

Jibu la vitabuni ni kwamba dawa hushikamana na ergosteroli iliyomo katika utando wa seli za kuvu, ilhali utando wa seli zetu una kolesteroli. Lakini molekuli hizo mbili zinafanana mno, na taabu ya figo huanzia hapo. Ili kuijua tofauti, ni lazima kuchungulia ndani ya utando wenye unene wa nanomita 4 hadi 5, ungali laini na wenye maji. Eksirei hutawanywa na elektroni, kwa hiyo hidrojeni, iliyojaa tele katika lipidi na protini, huiona kwa shida.

Nyutroni, chembe aliyoigundua James Chadwick mwaka 1932, hutawanywa na kiini cha atomu, nayo hutofautisha waziwazi hidrojeni ya kawaida na deuteriamu, yaani hidrojeni nzito. Mtafiti akiitia deuteriamu molekuli moja tu, hiyo hujitokeza kama mwenye kanzu nyekundu katika umati wa kanzu nyeupe. Kazi hii hufanyika penye vinu vya utafiti, kama kile cha Taasisi ya Laue-Langevin huko Grenoble, Ufaransa. (Neno nyuklia hutisha, basi niseme: mgonjwa hapigwi nyutroni, kinachopimwa ni sampuli ya utando.)

Mwaka 2012 utafiti wa namna hiyo uliotoka katika jarida la Scientific Reports ulionyesha kwamba amfoterisini huvuruga tando za aina zote mbili, ila si kwa namna moja. Na mahali ilipojikita dawa palilingana na dhana kwamba hutoboa matundu. Miaka miwili baadaye watafiti wengine, kwa mbinu ya mwangwi wa sumaku, walisema dawa hukaa nje ya utando na kuifyonza ergosteroli kama sifongo. Wapo wenzangu wanaouona ubishi huu kuwa anasa ya wanafizikia. Siafikiani nao. Dhana ya sifongo imekwisha kuzaa molekuli mpya ambazo, katika majaribio ya maabara na ya wanyama, huishika ergosteroli na kuiacha kolesteroli. Hata hivyo, mwanafunzi wetu wa udaktari huonyeshwa utando kwa mchoro mmoja, kisha huambiwa asonge mbele. Namtaka akae hapo wiki nzima.

Maana utando wenyewe umekwisha kuwa chombo cha tiba. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya viputo vya lipidi, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Pendekezo hilo lilitokana na jaribio lililofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Pale ambapo viputo hivyo havijafika, muuguzi atatundika ile dawa ya zamani, akitanguliza dripu ya chumvi yenye potasiamu, huku akifuatilia vipimo vya figo.