Mashine ya moyo ni nzuri, lakini kwanza daftari



Kila mara tukizungumza habari ya ugonjwa wa moyo, iwe kazini, sokoni au mlangoni pa dispanseri, neno ninalosikia ni lile lile: «Munganga, wakubwa watatununulia lini mashine ya moyo?» Watu wameona ndugu zao wakipelekwa mbali kwa kupigwa picha ya moyo, mpaka Lubumbashi, wengine mpaka Zambia na Afrika Kusini. Gari, tiketi, chumba cha kulala, chakula cha mtu anayemsindikiza mgonjwa, yote hayo ni franga. Ninaelewa kwa nini wanauliza. Lakini leo nataka kusema wazi mawazo yangu, hata kama wengine hayatawapendeza. Hopitali ya kampani ikitaka kuanzisha kazi ya kutunza moyo, isianze na mashine. Ianze na daftari, na mtu mmoja wa kulichunga daftari hilo.

Fundi mmoja wa umeme, mtu wa miaka arobaini na kitu, alikuja kwa vizita ya kila mwaka. Nilimpima tansio mara mbili, nikapata 18 na 11. Hakuwa na maumivu yoyote, alikuwa anacheka na wenzake kwenye benchi. Munganga mkubwa alimwandikia vidonge vya siku 30. Mimi niliandika yote kwenye fishi yake, nikairudisha katika kabati. Miezi 14 baadaye walimleta usiku, mkono na mguu wa kuume umekufa, mdomo umepinda, maneno hayatoki. Asubuhi nilikwenda kutafuta fishi yake. Ilikuwa pale pale nilipoiweka, safi kabisa, hakuna mstari hata mmoja chini ya ule niliouandika mimi.

Bibi yake aliniambia kwamba vidonge vilipokwisha walifikiri ugonjwa nao umekwisha, kama vile mtu anavyomaliza dawa ya malaria. Tena bwana yake aliogopa kurudi. Rafiki zake walimwambia: ukirudi na tansio ya juu watakuondoa chini ya mgodi, na primi yako itapotea. Basi akanyamaza. Na sisi wa hopitali, kwa miezi 14 yote, hakuna aliyeuliza: yule fundi yuko wapi? Mimi pia sikuuliza. Hata kama tungekuwa na mashine ya bei kubwa katika chumba cha pembeni, ingemsaidia nini mtu ambaye haji?

Wengi wanafikiri tansio ni ugonjwa wa kichwa kuuma au wa mtu mwenye hasira. Hapana. Tansio ni nguvu ya damu inaposukuma mishipa. Tazameni bomba la maji likisukumwa na pompi yenye nguvu kupita kiasi. Siku nyingi hutaona kitu. Bomba linachoka polepole kwa ndani, na siku moja linapasuka au linaziba. Likipasuka au likiziba katika kichwa, nusu ya mwili inakufa kama kwa yule fundi. Na pompi yenyewe, ndiyo moyo, inafanya kazi ngumu kila siku mpaka inapanuka na kulegea. Ndipo mtu anavimba miguu na kukosa pumzi akilala. Kipimo tunachotazama ni 14 na 9 (katika vitabu wanaandika 140 na 90, ni kitu kile kile). Mtu akikutwa amefika hapo au amepita, si siku moja tu bali siku mbalimbali, amepumzika dakika tano, amekaa vizuri na mkono umewekwa juu ya meza, huyo ana tansio ya juu. Anaweza asisikie kitu chochote kwa miaka. Kwa hiyo hatarudi mwenyewe. Lazima mtu amwite.

Kuna mfano mmoja ninaoupenda sababu ulianza na wafanyakazi kama sisi. Mwaka 1933, katika jangwa la Mojave kule California, Marekani, munganga kijana aliyeitwa Sidney Garfield alijenga hopitali ndogo ya vitanda 12. Ilikuwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakichimba njia ya kupeleka maji ya mto Colorado mpaka Los Angeles. Karibu afilisike, mpaka wakapatana kwamba alipwe senti 5 kwa kila mfanyakazi kila siku, awe mgonjwa au mzima. Hapo hesabu iligeuka: sasa ilimfaa mtu asiumie kabisa. Husimuliwa kwamba alikwenda mwenyewe kazini kuwaonyesha misumari iliyotokeza kwenye mbao ili ipigwe nyundo. Baadaye, mwaka 1938, kampani ya tajiri Henry Kaiser ilimwita kwenye kazi ya kujenga bwawa la Grand Coulee, na wakati wa vita alitunza wafanyakazi wa viwanda vya meli. Tangu mwaka 1945 watu wa nje pia wakaruhusiwa kujiunga. Kazi hiyo ipo mpaka leo kwa jina la Kaiser Permanente.

Sasa sikilizeni habari ya tansio kwao, huko kaskazini ya California. Mwaka 2001, kwa kila watu 100 wenye tansio ya juu waliowatunza, ni 44 tu ambao tansio yao ilikuwa imeshuka inavyotakiwa. Mwaka 2009 walikuwa 80. Walifanya nini katikati? Kwanza waliandika majina yote ya wenye tansio katika daftari moja, karibu watu 350,000 mwaka 2001, na zaidi ya 650,000 mwaka 2009. Kila hopitali iliambiwa mara kwa mara hesabu yake: wangapi wameshuka, wangapi bado. Wanganga wote walifuata njia moja ya dawa, si kila mmoja na yake. Dawa mbili ziliunganishwa katika kidonge kimoja ili mtu asichoke. Na tangu mwaka 2007, mgonjwa aliyebadilishiwa dawa alirudi baada ya wiki mbili mpaka nne kupimwa na asistanti, bila kulipa kitu na bila kungoja munganga mkubwa. Mwishoni mwa mwaka 2001 mashine zilikuwako tayari kwao, tena nyingi. Hazikuwa zimewapa ile 80.

Mtu atasema: Marekani ni matajiri, wana kompyuta. Kweli, daftari lao lilikuwa katika kompyuta. Lakini kuandika jina, tarehe ya kurudi na kipimo, kisha kila Jumatatu kutazama nani hakuja, hiyo inaweza kufanywa kwa kalamu. Na asistanti tunao. Mimi ni mmoja wao, kwa hiyo mtasema najitetea. Sawa, najitetea. Kwa nini mtu mwenye tansio iliyotulia angoje nusu siku kwenye benchi kumwona munganga mkubwa kwa kazi ya dakika kumi ninayoijua vizuri? Akitoka kazini ya usiku, baada ya saa tatu ya kungoja, anakwenda kulala. Mimi ningefanya vile vile. Wakubwa watupe ruhusa iliyoandikwa: asistanti apime, aongeze dawa kwa kufuata karatasi iliyowekwa sahihi na munganga, na ampeleke kwa munganga yule tu ambaye hashuki au ana dalili mbaya.

Nisieleweke vibaya habari ya mashine. Ile inayoandika mapigo ya moyo na ile ya ekografi, zote zina kazi yake, tena kubwa. Lakini mahali pamoja nilipojifunza kazi, niliona mashine ya kuandika mapigo imefunikwa kitambaa kizuri cha kushonwa kwa mkono. Siku ya kuipokea walikuja wakubwa, wakapiga picha. Kisha karatasi zake maalumu zilikwisha, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuagiza nyingine. Ilibaki hivyo, safi, kila asubuhi inafutwa vumbi. Mashine bila mtu mwenye kuwajibika ni samani tu.

Tazameni tena watoto, sababu jambo hili haliwahusu wababa peke yao. Mtoto akipata maumivu ya koo yanayotoka kwa vijidudu fulani, asipotibiwa, wiki chache baadaye anaweza kuvimba viungo, leo goti, kesho kiwiko, pamoja na homa. Mama anasema anakua, au ameanguka katika mchezo. Homa hiyo inaweza kula milango midogo ya moyo, na ikirudi mara ya pili na ya tatu inaiharibu kabisa, mpaka msichana wa miaka kumi na tano anashindwa kupanda ngazi. Hapo ndipo ekografi inafaa kuonyesha mlango ulioharibika. Lakini dawa ya kuzuia isirudi ni sindano ya penisilini ya nguvu ya muda mrefu, kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Sindano hiyo inauma, wala si ajabu mtoto akijificha chini ya kitanda siku yake ikifika. Nani atajua kwamba hakuja mwezi huu? Daftari tena. Mama, mtoto wako akiumwa koo pamoja na homa, mlete. Usingoje viungo vivimbe.

Sasa nifike kwenye lile neno gumu, ile hofu ya primi. Hapa daftari peke yake halitoshi. Mfanyakazi akiamini kwamba kila namba ninayoandika inakwenda moja kwa moja kwa kapita, atakimbia, na nitakuwa na daftari la majina bila watu. Ugonjwa wako ni siri ya kazi yetu. Mkubwa wa kazi anapaswa kuambiwa jambo moja tu: mtu huyu anafaa kwa kazi hii, au hafai, au anafaa kwa masharti. Ninaomba wakubwa waongeze neno moja lililoandikwa na kubandikwa mlangoni: mtu mwenye tansio anayekuja kupimwa na kumeza dawa, na tansio yake inashuka, haondolewi mahali pake kwa sababu ya tansio hiyo. Na yule ambaye lazima apumzishwe kwa muda, primi yake isikatwe papo hapo. Najua ofisi ya hesabu haitapenda. Wapige hesabu basi ya fundi mwenye ujuzi wa miaka ishirini aliyelala kitandani, na ya kumfundisha mwingine.

Lakini na mimi niseme kweli kwenu. Dereva wa mashine ya kuteremsha watu mgodini akija na 20 na 12, leo hatashusha mtu. Nitamtoa mara moja, wala sitaomba musamaha, hata akiwa shemeji yangu. Watu walio ndani ya kile chumba cha chuma wana watoto.

Habari ya chumvi imeandikwa mara nyingi katika ukurasa huu, sitairudia yote. Wataalamu wa afya wa dunia wanasema isipite gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kama kijiko kimoja kidogo cha chai. Bukari haina chumvi, shida iko katika mboga: samaki wa chumvi, halafu chumvi ya mkono, halafu kibe mbili juu yake. Mama, ukipika samaki wa chumvi, uwaloweke na kumwaga maji, na kibe zibaki dukani siku ile.

Mimi nimekwisha kuanza bila kungoja ruhusa ya karatasi. Nina kaye ya shule, ya mistari, niliyoichukua katika mfuko wa mtoto wangu. Yeyote aliyepewa vidonge vya tansio mwaka uliopita na hakurudi, aje kwangu mchana baada ya vizita za asubuhi. Alete vidonge vilivyobaki, hata kama ni viwili, na akiweza aje na bibi yake ili wote wawili wasikie maelezo. Sitauliza kwa nini hukuja. Jina la mstari wa kwanza ni la yule fundi wa umeme. Anakuja kila mwezi na fimbo, kijana wake anamshika mkono, na mara ya mwisho tansio yake ilikuwa 13 na 8.