Seva ya Hospitali Nayo Iwe na Patografu Yake

Mkunga anayempokea mama mwenye uchungu katika kituo cha afya cha Ipinda, wilayani Kyela, hasubiri hatari ijitangaze. Husikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, huhesabu mikazo ya mji wa mimba, hupima jinsi njia inavyofunguka, kisha huweka alama kwenye patografu. Karatasi hiyo moja humwonyesha jambo ambalo jicho peke yake halilioni, nalo ni mwelekeo. Kipimo kimoja husema hali ilivyo sasa. Vipimo vinavyofuatana husema inakokwenda.

Mistari miwili iliyoipa patografu umaarufu, wa tahadhari na wa hatua, ilibuniwa na madaktari Philpott na Castle nchini Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, na kuchapishwa mwaka 1972. Wakunga wengi wa huko walifanya kazi mbali na hospitali kubwa, na walihitaji kujua mapema ni mama yupi apewe rufaa. Ndiyo maana mstari wa hatua uliwekwa saa nne baada ya ule wa tahadhari: upatikane muda wa safari. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kumfuatilia mama mwenye uchungu, usiotumia mistari hiyo. Hata hivyo kanuni yake haikufutika: pima kwa vipindi, weka kikomo, na anayeona kikomo kimevukwa awe na wajibu wa kutenda.

Kanuni hiyo sasa inahitajika mahali ambapo wakunga hawapaoni. Taarifa za mgonjwa zinahama kutoka daftari kwenda kwenye kompyuta. Takwimu za MTUHA huingizwa katika mfumo wa DHIS2, na vituo vingi vya serikali hutumia GoT-HoMIS kuandikisha wagonjwa, vipimo, dawa na malipo. Mifumo ya namna hii hukaa ndani ya seva, na taasisi kubwa huweza kuziunganisha seva zake zikawa wingu binafsi: kundi la mitambo inayomilikiwa na taasisi yenyewe, iliyogawanywa kwa programu ikawa kompyuta nyingi zisizoshikika, kila moja na kazi yake. Faida yake ni kubwa. Taarifa za mgonjwa hubaki mikononi mwa taasisi, na seva inapokaa ndani ya nchi, safari ya kuzifikia huwa fupi.

Lakini mwenye nyumba ndiye anayeziba paa linapovuja. Anayekodi wingu la kampuni kubwa hununua pia macho ya walinzi wake. Anayejenga la kwake hana budi kuweka macho yake mwenyewe. Seva hailii kwa uchungu. Diski hujaa kidogo kidogo kwa miezi, mpaka asubuhi moja mfumo unakataa kuandika jina la mgonjwa. Nakala rudufu huweza kukoma kuhifadhiwa bila mtu kujua, mpaka siku zinapohitajika. Joto nalo huua. Tarehe 19 Julai 2022, siku ambayo London ilipata joto la nyuzi 40, upoozaji ulishindwa katika vituo viwili vya data vya hospitali za Guy's na St Thomas'. Madaktari walirudi kwenye kalamu na karatasi, na ilichukua wiki kadhaa kuirejesha mifumo. Ikiwa hayo yalizifika hospitali kubwa za jiji tajiri, chumba cha seva katika nchi yenye joto na umeme unaokatika hakina kinga.

Zana za ufuatiliaji zipo, na hazidai ada ya leseni. Prometheus, iliyoanzishwa mwaka 2012, hukusanya vipimo vya seva kwa vipindi vifupi. Grafana, iliyotolewa mwaka 2014, huvichora kwenye dashibodi. Kuzisimika si kazi ya mwaka mzima. Kosa kubwa hutokea baadaye, pale dashibodi inapopimia afya ya mashine na kusahau huduma. Skrini ya makao makuu huweza kuwaka kijani kila pembe, seva ikiwa nzima kabisa, huku dirisha la mapokezi la Ipinda likiwa limefungwa kwa sababu mtandao umekatika njiani.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kwenye dashibodi kiwe cha mgonjwa, si cha mashine: je, mhudumu wa Ipinda anaweza kufungua jalada sasa hivi, na kwa sekunde ngapi? Kipimo hicho kichukuliwe kutoka Ipinda kwenyewe, kwa kifaa kidogo kinachojaribu kuufikia mfumo kila dakika chache. Baada ya hapo vifuate vichache vinavyobashiri hatari: nafasi iliyobaki kwenye diski, joto la chumba, hali ya umeme na betri, na tarehe ambayo nakala rudufu ilijaribiwa kurejeshwa ikafaulu. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu.

Mlinzi naye asikae chumba kimoja na anayelindwa. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti Tanzania na nchi jirani. Katika siku kama hiyo, ufuatiliaji ulio ndani ya wingu lenyewe huona seva nzima na kuridhika, na ule ulio ng'ambo huona giza tupu. Panahitajika jicho la ndani na jicho la nje, na tahadhari ziwe na njia ya ujumbe mfupi wa simu pale intaneti inaposhindwa.

Tahadhari zenyewe ziwe chache. Kila muuguzi aliyefanya kazi wodini anajua kengele inayolia kila saa mwishowe haisikiki. Kila tahadhari iwe na jina la mtu wa zamu, muda wa kuitikia, na hatua iliyoandikwa. Isiyo na hatua ifutwe.

Siri ya mgonjwa nayo ilindwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haiachi nafasi ya mzaha. Dashibodi inahitaji kujua kwamba majalada mia yamefunguliwa; haihitaji kujua ni ya nani. Jina, namba ya simu au majibu ya kipimo cha VVU havina kazi kwenye skrini ya fundi.

Wapo watakaosema kuwa vituo vya vijijini vina shida kubwa zaidi: dawa, gari la wagonjwa, watumishi. Ni kweli. Lakini Kyela hupata mvua nyingi, mito kama Kiwira na Mbaka hufurika, na mpaka wa Kasumulu uko jirani. Malawi ilipokumbwa mwaka 2022 na 2023 na mlipuko mbaya kuliko yote katika historia yake ya kipindupindu, taarifa za haraka za kila upande wa mpaka zilikuwa sehemu ya kinga. Mfumo uliozimika kwa siku tatu bila mtu kujua hauwezi kutofautishwa na wilaya isiyo na mgonjwa: zote mbili huleta sifuri. Sifuri ya namna hiyo huua.

Basi anayejenga wingu la afya asihesabu kazi imekwisha siku mfumo unapozinduliwa. Wahudumu wa Ipinda wapewe haki ya kuiona dashibodi hiyo hiyo inayotazamwa na mafundi, namba ya mtu wa zamu ibandikwe mapokezi, na madaftari ya karatasi yabaki kabatini kwa siku ya giza. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza, anapoambiwa mtandao hakuna, ni nani anayejua hilo na tangu lini. Dalili ya mvua ni mawingu. Lakini wingu hili haliwezi kuonekana kwa macho, hivyo lazima lipimwe.