Oskiloskopu si chuma chakavu!

Jamani, hii imeniuma. Wiki jana nilikuta oskiloskopu ya Tektronix 465 kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu hapa Nakuru. Ilitoka maabara ya chuo kimoja. Imeuzwa kwa kilo, kama sufuria iliyotoboka!

Kwa asiyeijua, oskiloskopu huchora mawimbi ya umeme kwenye skrini. Hii ilitoka 1972 na inapima hadi MHz 100. Kwa mwanafunzi wa elektroniki, inatosha na kubaki.

"Hiyo ilikufa," nikaambiwa. Nikainunua, nikaifungua. Kapasita moja ya tantalamu kwenye njia ya umeme ilikuwa imeshoti. Nikaweka mpya, bei yake haifiki ya chapati na maharagwe. Mstari wa kijani ukarudi!

Mtasema za kidijitali ni bora. Sawa, ni nyepesi na zina kumbukumbu. Lakini ikiharibika, mchoro wa saketi utaupata wapi? Kitabu cha ufundi cha 465 kina michoro yote, pamoja na volti unazopaswa kukuta. Mwanafunzi anayekifuata anajifunza kusaka kosa, kazi ileile ninayofanya kila siku kwenye programu. Nami sijawahi kufuta programu nzima kwa sababu ya mstari mmoja mbovu.

Tahadhari: mle ndani mna maelfu ya volti, na chaji hubaki hata ukichomoa plagi. Usifungue bila fundi anayejua.

Wakuu wa vyuo, kabla ya kuita mwenye mizani, iteni fundi. Na wanafunzi wasimame karibu, waone.