Nani Atatuchongea Kibangala?

Katika harusi za mwambao siku hizi, hata kabla mwimbaji hajafungua kinywa, linalotangulia kusikika ni gitaa la besi. Si geni tena kwetu. Vikundi vya Tanga kama Black Star na Lucky Star vilitia magitaa katika taarab yao katika miaka ya 1960 na 1970, na leo wengi wetu hatuwezi kuifikiria harusi bila ya mvumo ule. Hatuna ugomvi nao. Tuna neno tu kwa vijana wanaolipiga gitaa hilo.

Wapo miongoni mwao wanaotamani besi ya gogo moja, yaani ile ambayo shingo na kiwiliwili vimechongwa katika kipande kimoja cha mti, hapana kiungo, hapana skurubu. Wana haki kuitamani. Leo Fender wa California alipotoa besi yake ya Precision mwaka 1951, shingo aliifunga kwa skurubu, kwa kuwa kazi ya kiwandani yataka hivyo: shingo ikiharibika hufunguliwa ikatiwa nyingine. Fundi wa gogo moja hana nafasi hiyo. Nyuzi nne za besi huvuta kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi, usiku na mchana, na mti ukiwa na kasoro penye shingo, chombo kizima kimekwisha.

Linalotushangaza ni kuwa kazi hiyo twaisifu kama kwamba imezuliwa ng'ambo juzi. Wazee wetu wa Lamu walikuwa na kibangala, na Unguja wakikijua kwa jina la gambusi. Tumbo, shingo na kichwa vyote vilitoka katika mti mmoja, na juu ya tumbo, mahali pa ubao, ikawambwa ngozi. Ndugu zake wako kila walikofika mabaharia na wahamiaji wa Kiarabu. Yemen ni qanbus, Ngazija ni gabusi, na huko Malaya ni gambus, ambayo mafundi wake hupenda kuichonga kwa mfenesi.

Msomaji asidhani ni kazi ya kitoto kwa kuwa haina gundi. Gundi humsamehe fundi, tezo haisamehi. Kwanza autafute mti uliokauka sawasawa, maana mti mbichi ukichongwa leo, kesho hupasuka. Kisha autoe umbo kwa tezo, na baadaye alifukue tumbo kwa patasi, pole pole, akipima unene kwa kidole na kugonga kwa ukucha asikilize. Akiacha nene, sauti hufa ndani. Akizidisha kuchimba, hutokeza upande wa pili, na hapo hana la kufanya ila kutafuta gogo jingine. Patishapo zaidi ni kichwani, pale kinapopinda kurudi nyuma, kwa sababu mishipa ya mti hukatika kwenye pindo na hapo ndipo panapovunjika. Dawa yake kila fundi wa majahazi wa Matondoni aijua: ni ile ile ya mataruma. Huukunji mti, watafuta tawi lililojipinda lenyewe lilipokuwa likiota.

Basi kimekwenda wapi? Hakuna aliyekifukuza. Udi ulikuja, tumbo lake kubwa limeundwa kwa vipande vyembamba vilivyogundishwa, na pamoja nao zikaja sahani za santuri za Misri. Sauti yake ni pana zaidi, nasi tukaupenda. Umetupa mabingwa kama marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, na hapana mwenye akili atakayejuta kwa hilo. Lakini kupenda kipya si lazima kuwe kusahau cha kwanza.

Twajua pia wako masheikh wasioridhia ala za nyuzi hata kidogo. Hitilafu hiyo ni ya zamani na si kazi ya ukurasa huu kuiamua. Tunalolisemea hapa ni ufundi wa mkono, na hata asiyetaka kukisikia kibangala kikilia aweza kukubali kwamba elimu ya kukichonga isipotee.

Na haijakosa mikono. Lamu bado ina mafundi wa kuchonga milango na makasha, na pwani bado ina waunda mashua. Kilichokosekana ni mnunuzi. Fundi huchonga kinachonunuliwa, na mgeni hununua kijimlango cha kutundika ukutani. Huko Yemen walingoja hata mwaka 2003, UNESCO ilipoiweka nyimbo ya Sanaa katika hazina za dunia, na kufikia hapo waliobaki wakiishika walikuwa wazee wachache tu.

Tamasha la Utamaduni la Lamu lina mashindano ya punda, ya mashua, ya bao na ya mashairi. Yafaa waandalizi watoe na zawadi ya kibangala: mti mmoja, tezo na patasi, na mwamuzi awe mpigaji, si mtazamaji. Na kijana wa besi mwenye akiba yake, kabla hajaagiza gitaa la mbali, aende kwa mchonga milango wa mtaani kwao na kipande cha mti mkononi, amwulize bei.

Kuna jingine, nalo ni la haraka zaidi. Kama nyumbani kwenu kuna kibangala cha marehemu babu, kimetundikwa ukutani na ngozi imekwisha toboka, usikiuze kwa mgeni kabla fundi mmoja hajaja kukipima.